Visima vya maji viwashwe kwa mbali, au mwendesha pampu abaki?

KweKwerekwe
Jamani, kila siku tunasikia visima vya Unguja na Pemba vifungwe vifaa vya kuangalia na kuwasha pampu kutoka afisini. Mimi naunga mkono. Teknolojia yenyewe si ngeni: PLC, yaani kompyuta ndogo za kuendesha mitambo, zilianza viwandani Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, na Modbus, itifaki ya mitambo kupashana habari, ni ya 1979. Kisanduku kimoja, sensa ya kina ndani ya tangi, laini ya simu na betri ya volti 12, basi. Mwendesha pampu anayelala kibandani wa nini tena? Labda Pemba, ambako ukitaka mtandao upande mwembe kwanza.

BintiWete
Haya, umeshaanza. Nyinyi wa Unguja mliokaa kizani miezi mitatu 2008 waya wa baharini ulipoharibika ndio wa kutucheka? Wakati huo Pemba taa zinawaka kwa jenereta za Wesha. Mwembe panda wewe.

Maalim_Saketi
Mwanangu, 2008 ilikuwa takriban mwezi, Mei hadi Juni. Miezi mitatu ni ile ya Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba ikaungwa na umeme wa Tanga 2010 hiyo hiyo. Turudi kwenye pampu.

FundiKontakta
Turudi, lakini kwanza hilo la "anayelala kibandani". Yakhe, huyo anayelala anasikia kontakta, ile swichi kubwa ya kuwashia mota, ikitetemeka volti zikishuka, na anaona mchanga kwenye maji. Kisanduku chako kitajua hayo ukikinunulia sensa zake tu. Uchache: ampea za kila fezi (kila waya wa umeme wa mota), presha ya bomba, mita ya maji, na kilinzi cha fezi. Pampu ya kisimani ikikosa maji, ampea zinashuka, hazipandi. Ovalodi, inayokata umeme ampea zikizidi tu, haitagundua kitu na mota itaungua huku skrini ya afisini inasema "INAFANYA KAZI".

KweKwerekwe
Ndiyo maana unaweka kikomo cha chini cha ampea. Ikishuka chini yake kwa sekunde kumi, PLC izime na isubiri nusu saa kisima kijaze. Hilo si la kumwekea mtu kibanda.

FundiKontakta
PLC iliyo wapi? Hapo ndipo wengi wanapokosea. Amri ya kuzima ikikaa afisini, siku mnara wa simu umelala tangi linafurika mpaka alfajiri. Mantiki yote ikae kisimani: washa kina cha tangi kikishuka hadi mita 1.5, zima kikipanda hadi 3, ili mota isiwashwe na kuzimwa ovyo. Afisi itoe ruhusa na isome namba. Tangi likiwa mbali na kisima na ishara yake ikapotea dakika tano, pampu izime au iende kwa saa maalumu. Liamueni kabla ya kufunga, si baada ya mafuriko.

BintiWete
Na mtandao wa Pemba haujatajwa tena. Naona sasa tatizo ni minara ya kila mahali.

MwanaMkoani
Dada wa Wete kasema. Mwembe haukuhitajika, antena ya nje juu ya mlingoti wa mita sita inatosha pahala pengi. Linaloua vifaa kwetu ni chumvi. Kisanduku kiwe IP65, yaani kisichoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, waya ziingilie chini, kila ncha ya waya ivishwe kikofia kabla ya kukazwa. Sensa ya kina ya kuzamisha ina mrija mwembamba wa hewa ndani ya waya wake. Ukiuziba kwa tepu, namba zinapanda na kushuka kwa hali ya hewa. Ukiuacha wazi bila kichungi cha kukausha, unyevu unashuka mpaka kwenye sensa.

Maalim_Saketi
Hilo la namba ni kubwa. Kwa sensa ya 4–20 mA, inayotuma kipimo kwa miliampea 4 hadi 20, tangi tupu ni 4, si sifuri. Sensa ya mita 10 ikitoa 12 mA, kina ni mita 5. Ikisoma chini ya 3.6, hiyo ni hitilafu, labda waya umekatika, tangi halina kosa. Aliyepanga programu ichukulie sifuri kuwa "tupu", pampu yake itasukuma maji kwenye tangi lililojaa.

KweKwerekwe
Sawa, mumenielimisha. Bado hamjasema kwa nini mtu abaki.

MwanaMkoani
Usalama. Modbus haina nywila kabisa. Ukiiweka kwenye intaneti wazi, kwenye mlango wake wa mtandao namba 502, yeyote duniani anaweza kuzima pampu yako. Maroochy, Australia, mwaka 2000, mtu mwenye kinyongo cha kunyimwa kazi alitumia redio kuziamuru pampu za maji machafu na kuyamwaga, lita laki nane hivi.

KweKwerekwe
Umeona? Aliyefanya ni fundi aliyewahi kufunga mfumo ule ule. Mtu ndiye tatizo!

FundiKontakta
Nani aliyesema fundi ni tatizo? Mnalipa mafundi vocha halafu mnataka uaminifu. Nyinyi laini za visanduku mnasajili kwa alama za vidole za nani? Za kijana wa mkataba. Akiondoka laini inabaki jina lake, bando likiisha kisima kinanyamaza, na hakuna anayejua nywila.

BintiWete
Bando! Mfumo mzima unasimama kwa bando.

Maalim_Saketi
Laini isajiliwe kwa jina la taasisi, malipo ya mwisho wa mwezi, na kampuni ya simu iwape njia ya faragha isiyogusa intaneti wazi. Na kisanduku kiwe na laini mbili za kampuni tofauti.

KweKwerekwe
Na gharama ya laini ya pili nani atalipa, mwananchi kwenye bili?

FundiKontakta
Ndugu yangu, mota iliyoungua nani anailipa?