Siku moja Xi'an: jeshi la Qin, sanamu za Han au ngamia wa Tang?

Msafiri_Kusi: Wakuu, habari zenu. Nitapita Xi'an, China, nina siku moja tu, usiku napanda ndege. Nataka kuona sanamu za udongo walizokuwa wakizikwa nazo wakubwa wa zamani. Jeshi la Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China, kila mtu analitaja, ila nasikia kuna Yangling na makumbusho mjini. Niende wapi?

Babu_Tanuri: Nenda Lintong, nje ya mji, kwenye jeshi, mkuu, usijiulize mara mbili. Wakulima walikuwa wanachimba kisima mwaka 1974 wakakutana na askari. Wanakadiriwa kufika 8,000, kimo cha mtu mzima. Mtafute mpiga upinde aliyepiga goti, kisha zunguka nyuma yake: hadi mishono ya soli ya kiatu imechorwa.

BintiMfinyanzi: Jeshi sawa, ila utalitazama kwa mbali huku unasukumwa na umati. Mimi ningeenda Yangling, kwenye kaburi la mfalme Jing wa nasaba ya Han, aliyefariki mwaka 141 KK. Sanamu zake ni za sentimita 60 hivi, ziko uchi, mikono hakuna. Hazijavunjika. Mikono ilikuwa ya mbao na nguo za kitambaa, vyote vimeoza, mabegani yamebaki matundu. Askari wapo, lakini kuna pia nguruwe, mbuzi, mbwa na kuku, safu kwa safu. Unapita juu ya sakafu ya kioo, mashimo unayaona chini yako. Tena ni upande wa uwanja wa ndege.

Babu_Tanuri: Dada, mtu afike Xi'an arudi akisema ameona kuku?

BintiMfinyanzi: Kuku wa miaka 2,100, ndiyo 😂

kobe_wa_pwani: Nasaba ya Tang mmeisahau kabisa. Makumbusho ya Historia ya Shaanxi yana ngamia wa udongo aliyefukuliwa mwaka 1959, kabeba bendi nzima mgongoni: wanaume saba wameketi wanapiga ala, katikati mwanamke kasimama anaimba. Kwa ufundi wa rangi hao wengine hawamfikii. Ila weka nafasi mapema, tiketi huisha.

Msafiri_Kusi: Basi Yangling, kisha moja kwa moja uwanjani. Na hizi sanamu za farasi wa Tang zinazouzwa mitaani?

kobe_wa_pwani: Nunua kama pambo. Sheria ya China inakataza kutoa nje vitu vya kale vya kabla ya 1911, kwa hiyo muuzaji akikuapia katoka kaburini, ama anakudanganya ama anakutafutia kesi forodhani.