Jina la Siti: asili yake ni nini, na kwa nini siku hizi halisikiki?

Mwana wa Pangani (aliyeuliza)

Assalaamu alaikum waungwana, na habari za wakati huu kwa wote. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, inshallah, na tumeshaambiwa kwamba ni mtoto wa kike. Kwa desturi ya kwetu, binti wa kwanza huwa wajina wa bibi yake mzaa baba, yaani marehemu mama yangu, ambaye aliitwa Siti. Mimi nilidhani jambo hili halina mjadala, lakini limezua maneno nyumbani.

Dada zangu wanaona kwamba jina limepitwa na wakati, na tena kwamba mtoto akianza shule wenzake watamuuliza kama yeye ni siti ya dirishani au siti ya nyuma. Jirani yetu anashikilia kwamba Siti si jina bali ni cheo, kwa hiyo haliwezi kusimama peke yake kwenye cheti. Na katika ukoo wetu imesemwa tangu zamani kwamba mama aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa wa sita. Naomba mwenye kujua anieleze asili ya jina hili, na kama hizo hoja tatu zina uzito wowote.

Mkaazi wa Ng'ambo

Ndugu yangu, kwetu Unguja huwezi kulitaja jina hilo bila kumtaja Siti binti Saad, na kisa chake kinajibu sehemu kubwa ya swali lako. Mwimbaji huyo alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, na jina alilopewa na wazazi wake halikuwa Siti, lilikuwa Mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali hadi amri ya mwaka 1897, kwa hiyo mtu aliyeitwa Mtumwa katika miaka hiyo alibeba jina ambalo kila aliyelisikia alilipima. Sisemi kwamba lilikuwa tusi. Wazee walikuwa wakiwapa watoto majina ya kujidunisha kama Mtumwa na Kijakazi, hasa pale ambapo waliotangulia walikuwa wamefariki, ili husuda impite mtoto mbali. Hata hivyo, halikuwa jina la kumpandisha mtu barazani.

Alianza kwa kuchuuza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na huko ndiko sauti yake ilikomtoa. Jina la Siti alipewa ukubwani kwa heshima ya uimbaji wake, na mwaka 1928, alipokwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, ndilo alilokwenda nalo. Mahasimu wake hawakulipenda hata kidogo. Walimtungia wimbo wa kumuuliza amekuwa mtu lini, yeye aliyekuja mjini na kaniki yake. Tazama kwamba ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nani anastahili kuitwa bibi wa heshima na nani hastahili. Tangu alipofariki mwaka 1950, sijamsikia mtu akiliuliza tena swali hilo.

Kwa hiyo jirani yako hajakosea kabisa: neno lilianza kama cheo. Ila kwa Siti binti Saad, cheo kilikuwa jina kamili lililosimama peke yake, na hakuna aliyemdai jina jingine la kuongezea.

Mwalimu wa Nahau

Naomba niongeze kuhusu asili ya neno, kwa kuwa hoja ya «wa sita» imenifurahisha kuliko mwenye kuileta anavyodhani.

Siti ni neno la Kiarabu, *sitti*, lenye maana ya «bibi yangu» au «bimkubwa wangu». Wanalugha wengi wanalihesabu kuwa mkato wa *sayyidati*, uliotokana na ulimi wa watu wa kawaida na si wa vitabuni. Ni la zamani sana: binti mfalme wa Kifatimi aliyekuwa na nguvu kubwa mjini Kairo mwanzoni mwa karne ya 11, dada yake khalifa al-Hakim, alijulikana kwa jina la Sitt al-Mulk. Hadi leo Wamisri humwita mwanamke *sitt*, na mwimbaji wao Umm Kulthum mwenyewe walimwita hivyo hivyo, kana kwamba hapakuwa na bibi mwingine nchini.

Sasa, katika Kiarabu *sitt* pia ni hesabu ya sita, ambako Kiswahili kilichukua «sita» yake. Wanasarufi wa zamani walilichukia neno *sitti* kwa sababu hiyo, wakisema kwamba anayelitumia kwa maana ya «bibi yangu» amekosea lugha. Mshairi Bahaa al-Din Zuhair, aliyeishi Misri katika karne ya 13, aliwajibu kwa beti za utani: alikiri kwamba wanasarufi humtazama kwa jicho la chuki kila anapomwita mpenzi wake *sitti*, kisha akajitetea kwamba bibi huyo ametawala pande zake zote, na pande, kama tujuavyo, ni sita: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Kwa hiyo mchezo wa kuchanganya bibi na sita umechezwa miaka mia saba na zaidi kabla ya ukoo wenu kuucheza.

Lakini kwa desturi ya pwani yetu sidhani kama mama yako aliitwa Siti kwa hesabu. Majina ya mpangilio wa kuzaliwa tunayo, nayo ni ya Kibantu: Mosi, Pili, Tatu. Sijapata kumwona mzazi aliyeanza na Mosi kisha akaruka hadi Kiarabu alipofika kwa mtoto wa sita.

Damu ya Ngazija

Mnazungumza kana kwamba jina limekufa, kumbe mmetazama upande mmoja tu wa bahari. Kwetu Komoro liko hai kabisa, ila tunaliandika Sitti, kwa t mbili, na mara nyingi hufuatiwa na jina jingine. Gavana wa Ngazija aliyechaguliwa mwaka 2019, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, alikuwa Sitti Farouata Mhoudine. Mkivuka hadi Malaysia na Indonesia mtachoka kuhesabu: yupo mwimbaji Siti Nurhaliza, na mke wa Rais Soeharto alikuwa Siti Hartinah. Huko mtindo ni uleule wa kutanguliza Siti kama tunavyotanguliza Mwana katika Mwanaisha au Mwanahawa.

Hii inamsaidia ndugu yetu wa Pangani. Asipotaka mabishano na jirani, amwite Siti Maryamu au Siti Aisha. Akitaka Siti peke yake, ushahidi wa Unguja anao.

Siti wa Chumbageni

Mwanangu, mimi ndiye mwenye jina, na nina miaka 63, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Siti ya basi ni mgeni wa juzi, aliyekuja na mabasi kutoka Kiingereza. Sisi tulikuwa na viti, na jina letu lilikuwapo kabla ya utingo wa kwanza kutangaza kwamba siti zimejaa. Shuleni walinitania, ndiyo, mwezi mmoja au miwili, kisha wakahamia kwa Tabu na Shida, ambao walikuwa na mtihani mkubwa kuliko wangu. Tangu mwaka 1985 hadi 1995, wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, mke wa Rais wa nchi hii alikuwa Mama Siti, na sikumbuki mtu aliyefanya mzaha wa basi katika miaka hiyo kumi.

Jina halikupotea kwa ubaya wake. Lilipotea pamoja na wenzake, akina Chausiku, Mashavu na Mwanaidi, pale wazazi walipoanza kutafuta majina kwenye simu badala ya kuwauliza wazee. Katika chuo ninachosomesha watoto Kurani sina Siti hata mmoja, ila nina Nasra watatu, na wote huitika kwa pamoja nikimwita mmoja. Wajukuu zangu nao wamechukua majina mengine, sikuwalazimisha wazazi wao, ingawa siwezi kusema kwamba sikulitarajia langu.

Jambo moja umwandae mkeo. Mtoto akibeba jina la mkwewe, yeye na dada zako mtaona tabu kumkemea kwa jina hilo. Ndiyo maana nyumba nyingi humwita mtoto wa namna hiyo «Bi Mkubwa» au «Mama», na jina lenyewe likabaki kwa ajili ya cheti.

Mwana wa Pangani

Nawashukuru nyote, na shikamoo Bi Siti. Mke wangu amesoma majibu yote na ameridhika na Siti peke yake, hivyo ndivyo tutakavyoandikisha tutakapofuata cheti RITA, na dada zangu wameshaanza kumwita «Bi Mkubwa» angali tumboni.

Kuhusu hesabu, jana jioni nilimpigia simu mama mdogo na kumwomba anitajie ndugu zake wote, walio hai na waliotangulia mbele ya haki. Tukawahesabu mara mbili. Mama alikuwa wa nne.