DDNS imekubali, lakini nikiwa Unguja kamera za ghala Wete sizifikii

ghala_la_wete

Asalaam alaykum wanajukwaa. Nina ghala dogo la karafuu Wete, mwenyewe kazi yangu iko Mjini Unguja. Msimu huu karafuu zinaanikwa uani, na nimefunga kamera na DVR (kile kinasa picha za kamera) ili mvua ikitanda nione kama vijana wameyawahi majamvi. Intaneti ya pale ni ruta ya kuchomeka laini ya simu. Umeme ukikatika na kurudi, anwani ya IP inabadilika, ndipo nikashauriwa nitumie DDNS, huduma inayokupa jina moja linalofuata anwani yako kila inapobadilika. Nimefungua akaunti ya bure, nikajaza jina na neno la siri kwenye ruta. Ruta inaandika "good", baadae "nochg". Poti 8000, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, nimeielekeza kwenye DVR. Nikiwa ghalani kwa Wi-Fi, naziona kamera kwa 192.168.1.64. Nikivuka bahari, jina linazunguka tu mpaka linakata. Tatizo ni ruta au hao wa jina?

mkwezi

Badilisha kampuni ya DDNS. Za bure nyingi zinachelewa.

fundi_darajani

Wa alaykum salaam sheikh. Usibadilishe kitu kwanza. "Good" maana yake anwani imepokelewa, "nochg" maana yake ni ileile ya mwanzo. Neno la siri lingekuwa na kasoro ungeona "badauth". Kwa hivyo jina lako ni zima.

Mwambie kijana aliyeko ghalani afungue ukurasa wa hali ya ruta, asome anwani iliyoandikwa WAN, yaani ile ruta iliyopewa na mtoa huduma. Kisha kwa Wi-Fi hiyohiyo afungue tovuti yoyote inayoonyesha IP yako ya nje. Lete zote mbili hapa, tarakimu za mwisho zifiche.

ghala_la_wete

WAN ni 100.72, tovuti inaonyesha inayoanzia 197.

fundi_darajani

Basi ndiyo hiyo. Kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 ni anwani zilizotengwa mwaka 2012 kwa watoa huduma, wazitumie ndani kwao. IPv4, mfumo wa anwani hizi za tarakimu nne, nzima ina anwani kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi, kwa hivyo wateja wengi wanapangwa nyuma ya anwani moja ya nje. Mpango huo unaitwa CGNAT. Ni mfano wa sanduku la posta la skuli: barua inafika sandukuni, lakini haina jina la mwalimu, inabaki hapohapo. Poti 8000 umeifungua kwenye ruta yako, ila ombi linakwama kwa mtoa huduma kabla ya kuifikia ruta. Hapo DDNS ya bure na ya kulipia zote sawa.

Unazo njia mbili. Ya kwanza, muombe mtoa huduma anwani ya umma, inayofikika moja kwa moja kutoka nje. Wengine wanaitoa kwa malipo, wengine kwa laini za simu hawanayo kabisa. Ya pili ndiyo ninayowafungia watu: muunganiko uanzie ndani kwenda nje. Kama ghalani kuna kompyuta inayobaki imewashwa, weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, itangaze mtandao wa 192.168.1.0/24 (yaani vifaa vya ghalani), kisha uidhinishe njia hiyo kwenye akaunti yako. Simu yako ukiitia Tailscale hiyohiyo, utaifungua 192.168.1.64 ukiwa Unguja kama uko ghalani.

Na hiyo poti 8000 ifunge leo, tafadhali sana. Tarehe 21 Oktoba 2016 kirusi cha Mirai kilitumia kamera na DVR za watu, zilizoachwa na neno la siri la kiwandani, kuiangusha Dyn, kampuni iliyojulikana kwa DDNS yenyewe. Twitter na tovuti nyingine kubwa zikapotea kwa saa kadhaa. Siku utakayopata anwani ya umma, DVR iliyo wazi itaanza kugongwa na wasiokujua, na wewe unachotaka ni kulinda mali.

bi_jambiani

Samahani kaka, naingilia. Sisi nyumba yetu ya wageni Jambiani tunayo IP ya umma, ruta ni MikroTik, DDNS yake ya ndani nimeiwasha. Kompyuta ya mhasibu iko Mjini, ni Linux, inaingia kwa WireGuard, programu ya muunganiko wa siri kupitia intaneti. Umeme ukikatika huku Jambiani, muunganiko haurudi mpaka yeye aizime WireGuard na kuiwasha.

fundi_darajani

Dada yangu, WireGuard inaliuliza jina mara moja tu, inapowashwa. Baada ya hapo inashikilia anwani ya zamani hata jina likiwa limeshahama. Mwambie aangalie kifurushi cha wireguard-tools, kina skripti (programu fupi) inaitwa reresolve-dns. Aipange iendeshwe kila baada ya sekunde 30, itauliza jina upya kila muunganiko unapokufa. MikroTik yenyewe haina kosa, inachunguza anwani yake kila dakika.

ghala_la_wete

Alhamdulillah, Tailscale imekubali, uani nauona. Lakini kifurushi cha data kinakwisha mbio.

fundi_darajani

Kwenye DVR, kila kamera ina picha kubwa na picha ndogo, imeandikwa "sub stream". Ukiwa Unguja fungua hiyo ndogo, uishushe iwe fremu 6 kwa sekunde. Kubwa iache irekodiwe kwenye diski ya ghalani, haili data. Majamvi utayaona vizuri tu.