Natibiwa sonona ila dawa imenipandisha, hii ni bipola?

Muulizaji: Wakuu naombeni msaada. Mwaka wa pili sasa naambiwa nina sonona, nashinda kitandani, hata kuoga naona mlima. Juzi kati daktari kanianzishia dawa ya sonona, wiki ya pili nikaamka mtu mwingine kabisa, nalala masaa matatu na sichoki, saa tisa usiku nimeshusha vyombo vyote kabatini napanga upya huku naimba, mke wangu ananiambia pumua kwanza, halafu nimekopa hela nikanunua kamera tatu na kupiga picha sijui. Mi nilijua nimepona bana. Shemeji anasema ni bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda juu sana na kushuka chini sana, kuna kipimo cha damu?

Jibu 1: Pole mkuu. Kipimo cha damu cha bipola hakuna, wakikutoa damu ni kuangalia vitu vingine kama thairoidi, ile tezi ya shingoni. Daktari anategemea historia, na hapo ndo shida ilipo, ukiwa chini bipola na sonona zinafanana sana, na watu wengi tunaenda hospitali tukiwa chini tu, nani aende kulalamika anajisikia vizuri mno? Wanachotafuta ni kile kipindi cha juu. Kikifika siku 7, au ukilazwa hata kabla ya hapo, ni mania, ile nyepesi yake ni kuanzia siku 4. Furaha ya jioni moja haihesabiki.

Jibu 2: Mi nilitibiwa sonona miaka 6 kumbe bipola. Siku nimeenda na dada yangu akamwambia daktari "muulize ile wiki aliyopaka rangi nyumba nzima usiku". Wallahi nilikuwa nimesahau! Saa hizi niko kwenye lithiamu, dawa ya bipola, damu napima mara kwa mara, kiwango cha dawa, figo na thairoidi. Nenda na mkeo.

Jibu 3: Usingoje miadi, mpigie daktari leo leo, dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu mwenye bipola. Ila usiiache kimya kimya. Dawa ikishatoka mwilini na mambo yakatulia, huenda wasikuite bipola, yakiendelea ndo inakuwa habari nyingine. Ulizia na kwenu kama kuna ndugu wa damu anayo.

Muulizaji: Asanteni jamani. Mke wangu kashapiga simu, tunaonwa kesho asubuhi. Kamera mbili wamekubali kuzipokea, ya tatu nilishatupa boksi.