Nna miaka 21 na saratani ya tezi. Wenzangu wa rika langu mko wapi?

binti_wa_Jadida

Assalaam alaykum. Mimi mtoto wa Wete, nilikuwa mwaka wa pili SUZA, pale Tunguu, hadi tezi ya shingoni ilipokataa kushuka. Nyumbani walisema jino bovu hilo. Nikameza vidonge, nikasomewa, nikanywa makombe, zile aya za zafarani zilizooshwa kwa maji, mpaka nikawa nanuka zafarani, tezi iko pale pale, na usiku natota jasho hadi shuka inakamulika. Mwisho nikakatwa kinyama kikapelekwa kupimwa, majibu yakaja: Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Sasa niko Dar kwa mamdogo, natibiwa Ocean Road. Dripu 12 za dawa ya saratani, kila baada ya wiki mbili. Nimemaliza nne.

Siombi pesa wala dawa. Namtafuta mtu. Kwenye viti vya dripu nnaokaa nao wengi ni mabibi wa saratani ya shingo ya kizazi. Mungu awape afya, wananipenda, mmoja kanivulia kanga yake nijifunike baridi la kiyoyozi. Lakini bibi wa miaka 65 nimwambie nini? Kwamba kuna mtu alikuwa alete posa mfunguo sita, na tangu asikie hajapiga simu? Kwamba wenzangu wa chuo wamefungua grupu la kuniombea dua, na toka hapo hapana hata mmoja anayenitumia vichekesho?

Nyumbani ndo kabisa. Mama hataji jina. Anasema "yale maradhi", tena kwa sauti ya chini kama vile yanasikia. Majirani wameambiwa niko Dar kwa masomo. Na kwa kuwa navaa ushungi, nani atajua kama kichwa hakina hata unywele mmoja? Juzi mtu kaniambia nimekonda vizuri, nimependeza.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Baada ya dripu ya kwanza nilikwenda chooni nikaona mkojo mwekundu. Nikajua ndo nakufa. Nilikaa juu ya ndoo nalia, mamdogo anagonga mlango. Kumbe ni dawa nyekundu ya kwenye dripu inatoka, na nesi alishaniambia, mamdogo shahidi. Mimi siku ile masikio sikuwa nayo. Lakini angeniambia mtu wa rika langu aliyeuona wake, ningesikia. Yupo?

bi_mkubwa_Chake

Pole mwanangu, Mungu atakuponya inshaallah. Ila mambo haya usiyaanike, macho ya watu si mazuri. Soma Yasin, kunywa asali na habasoda.

mtoto_wa_Ngambo

Dada yangu, nipo. Mwanamme, miaka 27, maradhi hayo hayo, nilimaliza miaka mitatu iliyopita. Mkojo mwekundu? Mimi nilisingizia ubuyu. Nikamgombeza na muuzaji.

Nikwambie na jengine: usiku wa dripu ukikosa usingizi si khofu. Katika dawa za kuzuia kutapika kuna moja, deksamethasoni, hiyo inakuweka macho mpaka adhana ya alfajiri. Mimi nilidhani nimeanza kurukwa na akili, mpaka nilipokutana na kijana wa Mtwara, kiti cha pili yangu. Yeye yake ilikuwa ya mfupa wa mguu. Saratani mbali mbali, lakini sote tuna miaka 24. Aliniazima chaji, basi, urafiki ukaanzia kwenye waya. Ukifika usiku wa dripu, saa nane, sauti zinakwenda na kurudi WhatsApp: mpira, wasichana, nani kajitapikia ndani ya daladala. Mimi nikitania maradhi yangu mbele ya mama, analia. Yule alikuwa anacheka, halafu anatia lake.

Sasa nisikufiche. Alifariki, mimi nimebakiza dripu mbili. Wiki nzima sikutoka chumbani, nikawa nasema laiti nisingemjua. Wapo watakaokwambia ndo maana usijifunge na mgonjwa mwenzako, na si wajinga wanaosema hivyo. Mimi nimelifikiri sana na bado nasema mtafute. Zile mbili za mwisho nilikwenda peke yangu, na pale ndipo nilipojua kwenye zile kumi nani alikuwa akinibeba. Namba yake ipo kwenye simu mpaka leo.

nesi_shamba

Binti, nesi hawezi kukupa namba ya mgonjwa mwengine, ile ni siri yake. Lakini anaweza kuchukua yako akaifikisha. Mwambie kavu kavu: "Dada, kuna msichana wa umri wangu anayekuja siku nyengine? Mpe namba yangu, akitaka atanipigia." Usiseme unahitaji ushauri nasaha, utaletewa mtu wa makamo na daftari. (Wana kazi yao, siwadharau, lakini sicho ulichoomba.) Usitafute wa Hodgkin tu. Na kumbuka wa wiki mbili mbili hukutana wale wale, ukihamisha siku unahamisha na watu.

Magrupu ya simu yapo mazuri. Akiingia anayeuza mizizi na kukwambia uache dripu, toka hapo hapo. Asali na habasoda mtajie daktari kwanza. Kombe, maji yawe yamechemshwa, maana chembe nyeupe za damu hushuka wiki moja hivi baada ya dripu, na tumbo la maji machafu wakati ule si mchezo. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 usisubiri kukuche, nenda, hata mama akisema ni baridi ya usiku.

binti_wa_Jadida

Nimerudi. Bi mkubwa, nashukuru mama yangu, Yasin nasoma, na jina langu sijaliweka popote. Nesi, kipimajoto kipo chini ya mto.

Kaka wa Ng'ambo, nilisoma ulichoandika nikazima simu siku mbili. Sijui kama ya kwako mimi nitayaweza. Lakini namba niliiacha kwa nesi.

Msichana kapiga Jumapili. Wa Makunduchi, 23, yake saratani ya ziwa. Salamu hazijesha kashaniuliza: "Na wewe maji yana ladha ya msumari?" Nilicheka mpaka mamdogo akaja kuchungulia. Kaniambia niache kijiko cha bati, nile kwa mkono, na wali niukamulie ndimu. Nimejaribu, kweli unapita. Ya yule wa posa nilimwambia pia. Kasema wake kaoa kabisa, na kadi ya mwaliko kaletewa, tena na jina limeandikwa vibaya. Basi tukaanza upya kucheka.

Dripu ya tano nimepigwa juzi. Sikulala, naye hakulala, ingawa zamu yake ni Alhamisi. Alfajiri mama kapiga kutoka Wete, anataka kujua nilikuwa nazungumza na nani saa nane usiku, kila akijaribu simu inatumika.

Nikamwambia, mwenzangu.

"Wa chuo?"

Nikasema eeh, wa chuo.