AI inabuni mambo kwenye muhtasari wa kikoba, nakosea wapi kuielekeza?

katibu_wa_kikoba
Wakuu habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, tupo 22. Kila Jumamosi naandika kwenye daftari harakaharaka, nikirudi home natype kwenye simu nampa AI, namwambia tu "niandikie muhtasari mzuri wa kikao". Juzi imeniaibisha. Niliandika tumeanza saa 10 jioni, yenyewe ikaweka 22:00. Ikaandika mwenyekiti aliwashukuru wajumbe, na mwenyekiti siku hiyo hakuwepo kabisa. Halafu kuna mama marejesho yake niliacha wazi maana tulikuwa bado tunabishana, ikamwandikia amelipa! Hapo ndo moto ukawaka. Nifanyeje jamani, maana pesa za watu hizi.

mwl_wa_zamu
Pole sana mkuu. Neno "mzuri" ndo limekuponza. AI imesoma mihtasari mingi sana, na mingi ina ufunguzi, shukrani na kufunga, sasa wewe hujaiambia unataka nini na kipi hutaki ikajazia yenyewe. Mimi ningeandika hivi:

"Andika muhtasari kwa noti zilizo hapa chini tu. Usiongeze tukio, jina wala kiasi ambacho hakipo. Kama marejesho ya mtu hayapo andika HAIKUANDIKWA, usikisie. Mpangilio: tarehe, waliohudhuria, hisa, jamii, faini, mikopo, marejesho."

Hiyo ya kusema afanye nini kitu kikikosekana ndo muhimu kuliko zote, ukiiacha atajaza pengo tu.

binti_wa_mahesabu
Naongezea hapo kwa mwalimu. Saa zetu inabidi umfundishe kabisa, mwambie "saa zote ni za Kiswahili, saa 10 jioni ni 16:00, saa 1 usiku ni 19:00". Na maneno ya kikoba pia mfafanulie, mi nilishaandika "jamii 1,000" ikaniletea eti wanachama walichangia jamii inayowazunguka, wakati ule ni mfuko wetu wa misiba na ugonjwa. Mstari mmoja tu unatosha, "jamii ni mfuko wa dharura wa wanachama". Jumla usimwachie hata kidogo, piga kikokotoo mwenyewe ndo umpe, maana hizi AI za maongezi zinaweza kukosea kujumlisha na zikaandika kwa kujiamini kabisa. Na majina ya watu usiyapeleke huko, weka namba za uanachama.

fundi_simu_Tanga
Mpe na mfano, dada na mwalimu wamesahau. Chukua muhtasari wako wa zamani ulioandika kwa mkono ukapitishwa, toa majina, ubandike juu useme "fuata umbo hili, ila taarifa za humu usizitumie". Hayo maneno ya mwisho usiyasahau, mimi niliyasahau ikanihamishia faini za mwezi uliopita.

katibu_wa_kikoba
Asanteni sana wakuu, nimekaa jana usiku nimejaribu noti zilezile kwa maelekezo yenu yote. Saa imekaa sawa, mwenyekiti hayupo, na kwenye namba 14, yaani yule mama, imeandika HAIKUANDIKWA kama nilivyotaka. Shukrani za kufungia bado iliziweka mara ya kwanza, nikaongeza "malizia kwenye marejesho, usiandike aya ya kufunga" zikatoka. Haya maelekezo nimeyasevu kwenye noti za simu, kila wiki nabandika yaleyale nabadilisha tarehe tu. Jumamosi nawasomea hivyohivyo, la namba 14 tulimalize wenyewe kikaoni.