Tangu dozi ya sindano ya kupunguza uzito iongezwe nachoka mpaka nalala kwa taksi, mnafanyaje?

fundi_wa_gomesi
Assalam aleikum wapendwa, naombeni msaada maana nimechoka na hata kuandika hapa najikaza. Niko Bombo hapa Uganda, kazi yangu ni kushona gomesi, yale magauni marefu ya kina mama. Daktari alinianzishia Ozempic kwa sababu ya sukari na uzito, nilikuwa kilo 109 na magoti yameanza kukataa. Wiki 4 za kwanza, ile dozi ya miligramu 0.25, sikuona shida, kichefuchefu kidogo tu asubuhi basi. Sasa nimepandishwa 0.5, hii ni wiki ya tatu, na huu uchovu jamani sijawahi kuuona, hata mimba ya mapacha haikunifanya hivi. Jumanne nilitoka Kampala kuchukua vitambaa, nikapanda taksi pale kituoni nikalala, kuja kuamshwa na konda tuko Wobulenzi, nyumbani tulishapita zamani. Na juzi nimekata bega la gomesi ya mteja upande mmoja chini ya mwingine, mimi ambaye nakata gomesi mwaka wa 14 huu, nikakaa chini nikalia.

Sindano nadunga Jumapili usiku. Jumatatu na Alhamisi nafunga, ni kawaida yangu tangu zamani. Njaa siisikii kabisa, siku zingine chai ya asubuhi inanifikisha jioni. Nimeshafika kilo 103 na magoti yamepata nafuu kwa hiyo kuacha sitaki, ila mume wangu anasema niache kabla sijaanguka barabarani. Huu uchovu unaisha au ndio umeshakuja kukaa?

boda_wa_jinja
Pole sana dada, mimi nilipitia hiyohiyo mwaka jana na ninaendesha pikipiki kwa hiyo kwangu kusinzia ni kufa. Kilichonisaidia mimi ni kuelewa kwamba hii dawa inazima njaa lakini mwili bado unadai chakula vilevile, zamani tumbo ndilo lilikuwa linakukumbusha sasa limenyamaza, ukisubiri mpaka usikie njaa utamaliza siku nzima na kikombe cha chai kama hivo unavyosema. Mimi nikaweka alamu kwa simu mara 3 kwa siku, ikilia nakula hata kama sitaki, kidogo lakini cha maana, mayai 2 ya kuchemsha, au mukene (dagaa) wa kusaga nachanganya na karanga, maharage. Naanza na hivyo halafu ndio posho (ugali) au matoke kama nafasi imebaki, maana tumbo linajaa haraka, ukianza na posho hutafika kwa maharage.

Halafu maji. Kiu nayo inapungua watu hawaambiwi. Nafunga chupa ya lita moja na nusu kwa pikipiki, saa sita mchana lazima iwe imefika nusu. Angalia mkojo, ukiwa kama chai ya rangi hujanywa maji wewe.

Kwangu kila nilipopandishwa dozi uchovu ulirudi wiki 2 au 3 kisha ukapungua. Siku mbili baada ya sindano sichukui abiria wa usiku.

nesi_mstaafu_arua
Mwanangu wa Bombo, kabla hatujafika kwa mayai na maji niambie kwanza: kuna dawa gani zingine unakunywa? Za sukari zote, na kama una presha pia. Nitajie majina yaliyo kwa pakiti. Na je, huo uchovu unakuja na kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio?

fundi_wa_gomesi
Asante kaka wa Jinja, asante mama. Za sukari nakunywa metformin, na glibenclamide asubuhi, halafu ya presha ile inayokukojoza. Kutetemeka ndiyo, Jumatatu ndio mbaya zaidi, karibu saa nne saa tano mikono inakosa nguvu hata uzi haupiti kwa sindano ya cherehani. Nilidhani ni saumu tu.

nesi_mstaafu_arua
Hapo sasa. Mpigie daktari wako leo, usingoje klinik ya mwezi ujao. Glibenclamide inalazimisha kongosho itoe insulini uwe umekula au hujala. Sindano peke yake si rahisi kuishusha sukari kupita kiasi, lakini ukiiweka pamoja na glibenclamide, tena kwa mtu aliyefunga, sukari inaweza kushuka vibaya na mtu akazimia. Mara nyingi mtu akianza sindano hii daktari hupunguza glibenclamide au huiondoa kabisa. Inawezekana yako ilisahaulika. Kama una kipimo cha sukari nyumbani, pima pale unapotetemeka. Ikiwa chini ya 4, koroga sukari vijiko vya chai 3 au 4 kwenye maji unywe, subiri dakika 15 upime tena, ikipanda kula chakula. Kama huna kipimo na unatetemeka, kunywa hiyo sukari hivyohivyo. Na saumu ivunje bila kujihukumu, hiyo ya Jumatatu na Alhamisi ni sunna, muulize hata sheikh wako kuhusu mgonjwa.

Sindano inafika kilele kwa damu siku ya 1 mpaka ya 3. Ukidunga Jumapili usiku, Jumatatu unafunga, Jumanne uko kwa taksi, unaona zinavyokutana? Siku ya kudunga inaweza kuhamishwa, mradi kati ya dozi mbili zipite siku 2 au zaidi, ila mwambie daktari kwanza.

Ya presha nayo inatoa maji mwilini, na wewe hunywi. Ukiinuka ghafla kizunguzungu? Uzito ukishuka presha nayo hushuka, kwa hiyo ipimwe upya, dozi ya kilo 109 inaweza kuwa imekuzidi sasa. Usiipunguze mwenyewe.

Uchovu wenyewe upo, sikufichi. Kwenye majaribio ya Wegovy, ambayo ni dawa hiyohiyo kwa dozi kubwa, watu kama 11 kwa kila 100 walilalamika uchovu, na waliopewa sindano isiyo na dawa walikuwa 5. Lakini usiitupie sindano kila kitu. Omba wapime damu pia, wanawake wengi tunatembea na upungufu wa damu bila kujua, na metformin ya miaka mingi hupunguza vitamini B12, nayo inachosha. Ukitapika bila kukoma, au tumbo likauma sana mpaka mgongoni, usiandike hapa, nenda hospitali.

mama_k_ntinda
Naongeza moja tu. Mimi nilipochoka nilidhani dawa imeharibika nikanunua nyingine bei rahisi kwa mtu wa WhatsApp, ililetwa na boda kwa kaveera (mfuko wa plastiki), haina barafu wala nini, na lebo imebandikwa juu ya lebo. Nilitapika siku 3. Sijui kilikuwa nini ndani mpaka leo na bado naumia nikikumbuka. Mwezi wa 6 mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya dunia nzima juu ya Ozempic feki, kwa hiyo tafadhali nunua famasi yenye leseni tu. Na hakuna haja ya kuogopa umeme ukikatika, kalamu uliyokwisha kuanza inakaa nje ya friji mpaka siku 56 bora joto lisipite 30, ila ambayo hujaifungua ikae kwa friji.

Pia usitumie zile soda za nguvu kujiamsha, mimi zilinirudishia kiungulia na usingizi wa usiku ukapotea, kesho yake nikawa mbaya zaidi.

boda_wa_jinja
Mama nesi Mungu akubariki, hiyo ya glibenclamide mimi singeijua. Dada tuletee habari.

fundi_wa_gomesi
Nimerudi. Jumatatu sikufunga, ila saa nne nilianza kutetemeka tena, nikaenda kupima kwa famasi ya jirani, 3.2. Yule dada wa famasi alinikalisha chini akanipa maji ya sukari mwenyewe. Daktari ameiondoa glibenclamide siku hiyohiyo, ya presha amepunguza nusu, na amesema tubaki kwenye 0.5 mwezi mmoja zaidi kabla ya kupanda. Damu nayo iko chini kidogo, nimepewa vidonge vya ayoni, yaani madini ya chuma ya kuongeza damu.

Leo ni siku ya 9. Nachoka bado, hasa siku inayofuata sindano, lakini ni uchovu wa mtu aliyefanya kazi. Kutetemeka hakujarudi. Alamu imewekwa na mwanangu kwa simu, ikilia mapacha wanapiga kelele mama kula. Asubuhi nakula katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na maharage, nusu sahani, mayai saa sita. Mteja nimemnunulia kitambaa kingine, bega limekaa sawa, anakuja kuchukua gomesi yake Ijumaa baada ya swala.

Mama nesi, hizo ayoni nikizinywa na chai kuna shida?

nesi_mstaafu_arua
Ipo, chai inazuia mwili kuzichukua. Kunywa na maji, na chai iache mpaka saa mbili zipite. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni hizo ayoni. Kikiwa kigumu ongeza maji na mboga ya dodo (mchicha).